Sikio Zima la Diwani

Siku ile ya maonyesho ya mifugo pale Tarime naikumbuka kwanza kwa harufu: sabuni ya mche, mkojo wa beberu, na vumbi la uwanja lililonyunyiziwa maji asubuhi likakauka kabla wageni hawajaketi. Mambo mengine ya siku hiyo hunijia baadaye, moja nyuma ya jingine. Mpaka leo nikimwogesha mbuzi kwa sabuni ya mche huwa naacha katikati, nanawa mikono, nasimama kidogo, ndipo naendelea.

Kaa hapo kwenye kigoda, mwanangu Marwa, umshike huyo beberu wako vizuri kati ya magoti. Maji hayajachemka bado, na kisu changu hakigusi sikio la mnyama kabla hakijachemshwa. Tuna muda. Umeniuliza kama ni kweli anavyosema bwana mifugo wa kata yenu, kwamba mbuzi wa maonyesho asikatwe alama kwa sababu majaji wanapenda sikio zima. Ni kweli. Hata mimi niliambiwa hivyo, na aliyeniambia hakunidanganya. Lakini jibu langu haliishii hapo, na katikati yake yumo baba yako. Sikiliza mpaka mwisho ndipo uamue kama nimekosea kukusimulia.

Nianze na boma. Babu yako alikuwa na wake wawili hapa Mbalibali. Mke mkubwa ndiye bibi yako, aliyemzaa baba yako, Magige. Mke mdogo alikuwa mama yangu, Wankuru. Boma moja, zizi moja, lakini kila nyumba na mifugo yake. Mifugo yote ya ukoo wetu ilikatwa ncha ya sikio la kulia, kisha kila nyumba ikaongeza alama yake kwenye sikio la kushoto: nyumba ya bibi yako pengo kwa chini, nyumba ya mama yangu pengo kwa juu. Mtoto wa miaka sita angeweza kusimama mlangoni pa zizi jioni na kukutajia kila mnyama ni wa nani.

Desturi yetu ya kuoa unaijua. Mwanaume anaoa kwa ng'ombe walioingia nyumbani dada yake alipoolewa, dada wa tumbo moja. Baba yako alikuwa na dada, tena zaidi ya mmoja. Mimi sikuwa naye. Mama alizaa mabinti wawili, wote wakafa wadogo. Ng'ombe wa mzee mwenyewe nao walikuwa wameibiwa, wakavushwa mpaka wa Kenya, hawakurudi. Baba yako akaoa mapema, mimi nikabaki. Wenzangu wa rika walikuwa na watoto wanaokwenda shule, mimi bado naitwa mura, kijana. Hapa kwetu mtu asiyeoa hakui. Kwa hiyo nikikusimulia habari za ujana wangu usishangae kusikia kwamba nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Ujana wangu ulikuwa mrefu kuliko nilivyoutaka.

Alikuwepo binti mmoja, Ghati, wa kitongoji cha jirani. Alikuwa na akili na hakuwa na haraka. Aliniambia wazi, "Muniko, sikuambii ulete zizi zima. Leta ng'ombe mmoja tu wa kufungulia mazungumzo, baba atakusikiliza. Mengine yatafuata." Ng'ombe mmoja. Nilikuwa na mbuzi, kuku na jembe. Ng'ombe sikuwa naye.

Ndipo bwana mifugo wa wakati ule akaja kututangazia maonyesho yatakayofanyika baada ya miaka miwili. Alikuwa kijana mpole, mwenyeji wa Njombe, alihamishiwa huku akajikuta anajifunza Kikurya kwa nguvu ya ugali wa mtama. Akasema mwenye beberu bora wa kienyeji, kutoka Serengeti au Tarime, atapewa mtamba wa ng'ombe wa maziwa. Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Mtamba, akasema. Jike, mzima, ambaye hajazaa.

Nilikuwa na kitoto cha mbuzi, dume, kimezaliwa siku chache kabla. Rangi yake ya kahawia, tumbo jeupe, mgongo umenyooka kama ubao. Alipoanza kuota ndevu nikampa jina la Diwani, kwa ajili ya ndevu hizo na kwa sababu hakupita mahali bila kusimama kwanza atazamwe. Lakini hapo nimeruka. Kabla ya ndevu kulikuwa na sikio.

Asubuhi moja mama alitoka na wembe na majivu ya kukaushia damu. Alikuwa amekwisha kuwakata watoto wengine wa mbuzi.

"Muniko, mlete huyo dume."

"Huyu mwache, mama. Ni wa maonyesho. Bwana mifugo amesema sikio lisiguswe, kovu linapunguza alama za majaji."

"Bwana mifugo anatoka wapi?"

"Njombe."

"Huko Njombe hawaibiani?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alifuta wembe kwenye kanga yake akasema, "Haya, mfuge. Kwangu mimi mnyama asiye na alama simhesabu. Utakuwa unafuga mbuzi wa watu wote."

Nilijua kwa nini alisema hivyo, na nilijua pia kwamba yuko sahihi kwa mbuzi wa kawaida. Wangu niliona si wa kawaida. Hatakwenda malishoni na kundi, hatachanganyika na wa jirani, atalala ndani kwangu. Nani atamwibia mtu mbuzi anayelala miguuni pake?

Sasa nikuambie nilivyomlea, maana hayo ndiyo uliyokuja kujifunza, na sitaki chuki yangu ikunyime elimu. Nilimpa dawa ya minyoo kwa wakati wake. Nilimpa matembele, lakini yaliyonyauka kidogo, yasimjaze gesi. Pumba za mahindi kidogo jioni, chumvi ya magadi ya kulamba, na maganda ya mgunga wakati wa kiangazi. Sikumwacha akimbizane na majike, kwa sababu beberu akianza hayo anakonda shingo. Kwato nilizichonga kwa kisu kidogo, nikikata kidogo kidogo mpaka anasimama sawa kwa miguu yote minne. Manyoya nilimsugua kwa gunzi la mahindi, halafu sabuni ya mche, halafu maji ya uvuguvugu, siku ya jua tu. Nilimfundisha kutembea na kamba iliyolegea. Anayevutwa kwa kamba mbele ya majaji ameshindwa kabla hajafika.

Na nilimfundisha asiogope watu. Hili bwana mifugo alilisisitiza sana. "Akiona mtu mgeni asitetemeke, asiruke. Majaji watamshika meno, watamshika mapumbu, watamwinua mguu. Mzoeshe mikono ya watu." Basi nikawa na kopo la bati lenye pumba. Yeyote aliyepita nyumbani nilimpa kopo alitikise, Diwani akimfuata ale. Akina mama waliotoka mtoni, vijana wa bodaboda, mwalimu, mzee wa kanisa. Ikafika mahali ukitikisa kopo, Diwani anakuja, hata kama hajawahi kukuona. Nilijivunia jambo hilo. Nilikuwa nawaonyesha wageni kama mchezo.

Aliyelitikisa kopo hilo kuliko wote ni baba yako.

Baba yako alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu. Kule alikaa na watu wa kila mkoa, akarudi na Kiswahili laini, na simu yenye kamera. Wakati ule simu kama hiyo kijijini ilikuwa kitu cha kukusanya watu. Sikuambii alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alikuwa mcheshi, mkarimu wa sukari na majani ya chai, na nyumbani kwangu alikuja karibu kila jioni. Alikuwa akisimama mlangoni na kumpigia mzee kelele, "Tata, huyu mwanao ameacha kutafuta mke, ameamua kumwoa Diwani! Tupeleke mahari kwa nani?" Mzee anacheka mpaka anakohoa. Hata mimi nilicheka.

Aliuliza mengi. Kwa nini matembele yaliyonyauka? Kwa nini gunzi? Umri wa meno unausomaje? Nilimjibu yote kwa furaha, maana nani mwingine alikuwa ananiuliza? Halafu alikuwa akinipa simu. "Mura, nipige picha na mheshimiwa." Nikampiga. Ameinama anamlisha, amemshika ndevu, anachonga kwato kwa kisu changu ili tu aonekane anachonga. Mwezi baada ya mwezi, Diwani anakua na baba yako yuko pembeni yake. Mimi simo hata kwenye picha moja. Mimi ndiye niliyeshika simu.

Maonyesho yalipokaribia, yule bwana mifugo akahamishiwa wilaya nyingine. Mahali pake pakakaa wazi. Tulisafiri kwa lori mpaka Tarime pamoja na wafugaji wengine wachache wa kwetu: mimi, baba yako, mzee na Diwani. Mama alibaki, mguu wake ulikuwa umevimba. Alinifungia viazi kwenye kitambaa, akamtazama Diwani pale juu ya lori, akamtazama masikio.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wafanyakazi wa serikali na kofia zao mpya, wafanyabiashara kutoka Sirari, watoto wa shule wamepangwa kwa mistari, muziki unapiga, na mshereheshaji na kipaza sauti chake asiyenyamaza hata kumeza mate. Nilimfunga Diwani kwenye banda letu. Niliona mabeberu wengine, nikawapima kwa macho, na moyoni nikajua. Hakuna aliyesimama kama wangu.

Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye buti na koti jeupe, mgeni wa mkoa huu kwa lafudhi yake. Alifika bandani kwetu akamzunguka Diwani taratibu, akamshika meno, akampapasa mgongo. Masikio aliyashika akayanyoosha kwenye mwanga wa jua, mazima, hayana hata mkwaruzo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza, "Mfugaji wa huyu ni nani?"

Nikafungua mdomo. Baba yako akanigusa bega, akaninong'oneza kwa Kikurya, "Mura, wewe na Kiswahili chako hicho utatuaibisha. Atakuuliza mambo ya lishe, utaanza kutapatapa. Niachie mimi niseme."

Na kweli Kiswahili changu kilikuwa kibovu. Niliishia darasa la nne, na huku kwetu Kiswahili mtu hukitumia dukani na kwenye mkutano tu. Niliogopa neno moja linipotezee mtamba. Nikampa kamba. Nikarudi nyuma hatua chache, nikasimama na wasaidizi wa mabanda mengine.

Alijibu vizuri, mwanangu. Alijibu kuliko ambavyo ningejibu. Matembele, magadi, gunzi, kwato, kila kitu kwa mpangilio. "Nimemlea tangu siku aliyozaliwa," akasema. "Analala ndani kwangu." Nilimsikia akisema hivyo na nikajiambia hiyo ni namna ya kusema tu, msemaji hawezi kila mara kusema ndugu yangu, ndugu yangu. Yule mama akacheka, akamwambia, "Hongera baba, ungekuwa mwanafunzi wangu ningefurahi."

Walipotangaza mshindi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Jina lililoitwa lilikuwa la Magige wa Mbalibali. Nilipiga makofi na jina hilo likiwa hewani. Mtamba akaletwa, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, amefungwa utepe shingoni. Kamba yake ikawekwa mkononi mwa baba yako. Nikaenda pale kuichukua.

Akasema bila kunitazama, "Ngoja kwanza. Tutaongea nyumbani."

Nilipaswa kungoja? Labda. Lakini nilimwona alivyoizungusha ile kamba kiganjani mara mbili, kama mtu anavyofanya kwa mnyama wake, nikajua kwamba nyumbani hakuna maongezi. Nikasema kwa sauti kwamba mbuzi ni wangu. Nilianza kwa Kiswahili, kikakwama, kikageuka Kikurya, na hasira ikaingia, na mtu mwenye hasira katika lugha ambayo wageni hawaielewi anaonekana mlevi. Mshereheshaji akakaribia na kipaza sauti. "Jamani, jamani! Kumbe Diwani ana baba wawili! Tuitishe uchaguzi mdogo?" Uwanja mzima ukacheka. Watoto wa shule wakacheka. Mzee wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti.

Yule mama wa koti jeupe hakucheka. Aliwanyamazisha, akaniuliza polepole, "Baba, una kitu chochote cha kuonyesha kwamba ni wako?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea uzio, mtu wa Nyambureti, akasema, "Mbona jambo dogo. Tazameni sikio."

Wakatazama. Sikio la kulia zima. La kushoto zima. Mzee yule alinitazama mimi, akamtazama baba yako, akafyonya na kuondoka. Kwa mtu wa huku alichokiona kilimtosha: mnyama wa miaka miwili bila alama ni mnyama wa mkononi, na aliye naye mkononi alikuwa baba yako.

Baba yako akatoa simu. Hakuwa na haraka, hakuwa na hasira. Akamwonyesha yule mama picha moja baada ya nyingine. Diwani mdogo, Diwani ameota pembe, Diwani na ndevu. Kila picha na yeye. "Ndugu yangu huyu hunisaidia," akasema. "Ana uchungu kidogo, hajaoa. Msimchukulie vibaya."

Watu wa kwetu tuliokuja nao walikuwepo. Wote walijua. Mmoja akafunga viatu, mwingine akanunua soda. Mambo ya ndugu wa boma moja, nani ayaingilie mbele ya serikali?

Akabaki mzee. Yule mama akamwendea, akamsalimu shikamoo kwa adabu, akamwuliza, "Mzee, hawa ni wanao. Mbuzi huyu ni wa nani?"

Babu yako aliinua macho kutoka kwenye fimbo yake. Alinitazama, na katika macho yake niliona kwamba anajua na kwamba anaona aibu, lakini aibu yake haikuwa kwa ajili yangu. Alikuwa anaona aibu kwamba wanawe wanagombana mbele ya wageni. Akasema, "Wote ni watoto wangu. Mbuzi ametoka bomani kwangu. Mmeshamtaja mmoja, basi imetosha."

Basi ikatosha.

Diwani hakurudi nasi. Baba yako alimuuza palepale uwanjani kwa mfanyabiashara mmoja wa Sirari. Mtu huyo hakuhitaji hata kamba. Baba yako alimkabidhi lile kopo langu la bati tulilokuja nalo, mtu huyo akalitikisa, na Diwani akamfuata kati ya watu, shingo juu, miguu sawa, kama nilivyomfundisha. Hakugeuka hata mara moja. Simlaumu mbuzi.

Jioni lori liliposhusha yule mtamba, mama alikuwa amekaa mlangoni na mguu wake umenyooshwa. Alimwona mtamba anaelekea upande gani wa zizi. Aliingia ndani akatoka na wembe, akaniambia nimletee watoto wa mbuzi waliozaliwa wiki ile. Akawakata mmoja mmoja. Alipomaliza ndipo akaniambia, na hilo tu ndilo alilowahi kuniambia kuhusu siku hiyo: "Ulimfundisha mbuzi kwamba kila mtu ni mwenyewe."

Ghati alisubiri mpaka mahindi ya mwaka uliofuata yakavunwa. Kisha akaolewa Nyambureti. Nilimwona mara moja mnadani, miaka baadaye, na kijana wake mrefu kama mlingoti. Akamwambia, "Msalimie mjomba." Kijana akanisalimu shikamoo, nikaitika. Sikuoa, kama unavyojua. Mama alifia mikononi mwangu. Kwenye vikao vya wazee hunipa kiti, ila neno langu husikilizwa kama la mura.

Baba yako hakuwahi kunitaja jambo hilo, hata alipougua, hata siku za mwisho nilipokuwa namwinua kumnywesha uji. Lakini alikuwa akiwasimulia wageni habari za Diwani, nami nimeketi hapo hapo: alivyomlisha, alivyomsugua kwa gunzi, alivyomlaza ndani. Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaelewa kwamba anaamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kamba ya mtamba.

Unanitazama. Unajiuliza kama huyu mzee anamsingizia marehemu. Una haki. Nenda nyumbani kwenu, katazame ile picha kubwa iliyoko sebuleni, baba yako amechuchumaa na Diwani. Tazama chini, kwenye nyasi, upande wa kushoto. Utaona kivuli cha mtu amesimama, viwiko vimetoka nje, mikono iko usoni. Jua lilikuwa nyuma yangu siku hiyo. Hicho kivuli ni mimi.

Na ng'ombe wekundu wenye doa usoni mlio nao zizini, hao utakaowatoa mahari mwakani, mama yao ni yule mtamba. Sikudai hata mguu wa mmoja. Nisingekuambia kabisa kama usingeniletea swali la sikio.

Maji yamechemka. Sikiliza sasa ninachokushauri, mwanangu, maana nimesema mengi.

Mkate mbuzi wako alama, ukijua kwamba majaji watakupunguzia. Utakuwa wa pili, au wa tatu, na utarudi nyumbani na kilicho chako. Najua utaniambia siku hizi kuna hereni ya plastiki ya kumtambulisha mnyama. Niliwahi kuiokota moja kwenye nyasi njia ya mtoni, imekatwa kwa mkasi. Kovu halikatwi kwa mkasi.

Akikuuliza mtu mwenye mali ni nani, jibu wewe. Jibu kwa Kiswahili kibovu, jibu kwa mikono, wakucheke. Usimpe mtu kamba yako aisemee mbele za watu, hata awe wa damu yako, hata awe anakupenda. Unapopiga picha, mpe simu mtu mwingine, uingie nawe.

Na ikitokea siku wewe ndiye umeshikishwa kamba ya ndugu yako, na watu wanapiga makofi, irudishe makofi yakiwa bado yanalia. Yakinyamaza hutaweza tena. Nadhani baba yako alitaka kuirudisha. Nadhani alikosa pa kuanzia, kisha muda ukampita.

Siku utakapokuwa mzee wa boma na mtu akusimamishe mbele ya wanao akuulize hili ni la nani, mwanangu, sema. Wagombane, wakuchukie mwezi mzima, lakini sema.

Sikio la kulia tayari, ncha ya ukoo imekatwa. Nipe sasa hilo la kushoto. Nini? Nikate pengo la juu? La nyumba ya mama yangu?

Hapana, Marwa. Nimekuelewa, na nimeshukuru, na acha kunifuta machozi yangu, wewe shika mbuzi. Huyu amezaliwa kwenye nyumba ya bibi yako, umemlea wewe. Nikimkata alama yangu, kesho mtu atauliza ni wa nani, na tutakuwa tumeanza upya mambo yale yale. Pengo kwa chini. Alama ya nyumba yenu. Ile yangu nitaondoka nayo.

Mshike kichwa. Tayari. Weka majivu.

Sasa sogeza paji la uso wako nikutemee mate ya baraka, kama wazee wanavyofanya, ingawa wengine watasema mimi si mzee. Uende Tarime ukasimame bandani kwako wewe mwenyewe. Ulimi wako usikwame. Ng'ombe wako wazae majike, mkeo akupende, na wanao wasigombanie kamba. Na kila ulichokilea kwa mkono wako, kiitwe kwa jina lako ungali hai unasikia.